Njugu za Mstari wa Mia Tano

Mama,

Nimekusomea Yasini mara tatu tangu nilipofika juzi, na bado kuna neno limenikaa kifuani. Ndiyo maana nimechukua daftari. Nimekaa chumbani kwako, kwenye kitanda chako, mlango nimeutia komeo. Sasa hivi ni baada ya Adhuhuri. Wakishasali Alasiri, akina mama wa kikundi watakuja kukaa uani kwetu, wote, na Mkasi pia. Nimewaita mimi. Nilimwambia Bi Kazija kuwa nina jambo la kusema, akaniuliza jambo gani, nikamjibu atalisikia pamoja na wenziwe. Unamjua mwenyekiti wenu, ukimficha kitu hakusukumi, anakuacha uchoke nacho mwenyewe.

Naandika kwa haraka. Utaniwia radhi kwa mwandiko.

Mama, ni mimi. Zile njugu ni mimi.

Ngoja nianze mwanzo, maana nikianzia katikati nitajitetea, na leo sitaki kujitetea.

Unakumbuka siku dada wa lishe alipokuja Vitongoji kutoka mjini Chake na ile karatasi yake. Watoto kumi na mmoja walikuwa wamepungua uzito, na kikundi kilitakiwa kiwapikie uji kila Jumatatu na Alhamisi. Unga ulikuja umeshapimwa, pakiti moja kwa siku moja. Njugu ndizo zilizokuja ndani ya gunia, kilo kumi na tano, tuzikaange na kuzitwanga wenyewe. Karatasi iliziita karanga, gramu 500 kila upishi. Wakakuchagua weye uwe mpishi, na gunia likawekwa kwetu, ndani ya ghala ndogo nyuma ya jiko, ufunguo ukaufunga kwenye pindo la kanga. Mimi wakanifanya katibu kwa kuwa nilikuwa nimemaliza skuli na nasubiri chuo. Mizani hatukuwa nayo. Tulikuwa na lile jagi la plastiki lenye mistari ubavuni, mia moja, mia mbili, mpaka elfu moja.

Ulichutama mbele ya gunia, jagi mkononi, ukaniita.

"Raya, hii mia tano ya karatasi ndo hii mia tano ya jagi?"

Nilikuwa kizingitini, nimeshika simu. Sikuinuka. Nilisema, "Ndiyo Mama, mia tano ni mia tano."

Ukaligeuza jagi, ukalitazama tena. Ukasema, na hili silisahau, "Miye naziona chache. Tulipokuwa tukipima kwa vibaba, kibaba cha njugu na kibaba cha mchele havikuwa na uzito mmoja."

Nikacheka, Mama. Nikakwambia hayo ya vibaba ni ya zamani, sasa watu wanapima kwa gramu. Ulijaza njugu mpaka mstari wa mia tano, ukalitikisa jagi kidogo zikae sawa, ukaongeza punje chache kufidia, ukamimina kwenye kaango.

Ulifanya hivyo mara thelathini. Jumatatu na Alhamisi, wiki kumi na tano. Alfajiri nikiamka nilikuta umeshazikaanga, umezimwaga kwenye ungo, unazifikicha maganda kwa viganja na kuyapeperusha kwa mdomo. Siku moja kaka Hamad alipita akachota chache, ukampiga mkono. "Hizo za watoto wa watu," ulisema. Hamad akacheka akazirudisha. Mtu mzima, ana ndevu, anarudisha njugu nne kwenye ungo.

Kwa nini sikulikumbuka hilo pale lilipohitajika kukumbukwa? Nimejiuliza kila siku.

Wiki ya kumi na tano ilipokwisha dada wa lishe akaja kupima watoto. Mizani yake ya kuning'inia aliifunga kwenye boriti ya ukumbi wa Bi Kazija. Baadhi walikuwa wamepanda kidogo, wengine wamesimama pale pale. Nasra, mtoto wa Mkasi, alikuwa ameshuka. Ananing'inia kwenye ile suruali ya kitambaa ya mizani, miguu myembamba, hata halii. Mkasi alikuwa amesimama chini yake, mikono juu, kama anaogopa ataanguka. Dada wa lishe akauliza uji unapikwaje, akauliza njugu zimeisha lini. Weye ukasema, kwa utulivu kabisa, "Hazijaisha."

Nilikuona hukujua kama umesema jambo baya.

Wakaja wote mpaka ghalani kwetu. Gunia likatolewa, likafungwa kwenye mizani ile ile waliyompimia Nasra. Kilo tano na nusu na kidogo. Dada wa lishe akahesabu kwa vidole, kisha akasema kwa sauti ya chini, si kwa ubaya, "Hizi zilitakiwa ziwe zimo ndani ya watoto." Basi. La zaidi alilisema Mkasi. Alikwambia mbele ya wanawake wa kijiji kizima, "Mtoto wangu anakonda, weye wamfungia njugu ndani ziwe zako." Akakuita jina ambalo sitaliandika hapa. Na weye ulisimama, ufunguo bado uko kwenye pindo la kanga, unatazama lile gunia kana kwamba ni la mtu mwingine.

Jioni ile Nasra alipelekwa hospitali, akalazwa wiki mbili.

Alhamisi kikao kikakaa, nami nikiwa na daftari la katibu mapajani. Bi Kazija akakuuliza, "Bi Time, nani aliyekupa kipimo cha jagi?" Ukasema, "Nimepima mwenyewe." Nikaandika. Bado limo humo daftarini kwa mkono wangu: Bi Time amesema amepima mwenyewe. Nakumbuka nilishangaa. Nilijua kipimo nilikupa mimi, na nilikuwa na hakika kipimo ni sahihi, basi kwa nini umefichaficha? Moyo wangu ukanijibu vibaya. Ukaniambia, anajua amepunguza, na hataki nihusike.

Wakakuomba ufunguo. Uliufungua pindoni, fundo lilikuwa gumu, ukalifungua kwa meno.

Usiku uo huo, hapana, ilikuwa bado Magharibi, ulikuwa unachagua mchele karibu na mlango ili upate mwanga wa mwisho. Nikakaa mbele yako. Nikakuuliza, "Mama, kweli hukuchukua?"

Uliinua uso. Hukukasirika. Laiti ungekasirika. Ukasema, "Weye unaonaje?"

Nilikaa pale, nikanyamaza, mpaka ukarudi kwenye mchele wako.

Hamad yeye hakuuliza. Hamad alikwenda moja kwa moja kwa Faki, mume wa Mkasi, wakashikana mashati njiani. Watu waliokuwa wakishirikiana shamba la muhogo tangu ujana, leo hawapeani hata salamu. Hamad alikuamini bila hesabu yoyote. Mimi niliyesoma ndiye niliyetaka ushahidi.

Miezi minne baadaye nilikuwa Unguja chuoni, simu ikaja kwamba umeanguka jikoni, presha. Nilipata boti ya siku ya pili. Nilikuta umeshaagana na nyumba, umeshazikwa. Wakaniambia Faki alikuja kutia bega kwenye jeneza na Hamad akamtoa, mbele ya masheikh na watu wote. Wakaniambia Mkasi hakuja. Na wengine wengi hawakuja. Weye ambaye hakuna msiba Vitongoji uliopikiwa na mtu mwingine.

Sasa nikwambie nilivyojua.

Tulikuwa darasani, somo la lishe. Mwalimu aliweka mezani mizani ndogo ya jikoni na jagi la mistari, karibu sawa na letu. Akatia maji mpaka mia tano, mizani ikasoma mia tano. Akayamwaga, akalikausha jagi, akatia unga wa mahindi mpaka mstari ule ule. Mia tatu na kidogo. Wenzangu wakacheka kwa kushangaa. Kisha akachukua mfuko wa njugu mbichi.

Nilijua kabla hajazimimina. Nilikamata ukingo wa meza. Zikafika mstari wa mia tano, akaziweka, tarakimu zikapanda zikasimama. Mia tatu na kumi.

Akaeleza kwa upole kwamba mistari ya jagi inapima nafasi, haipimi uzito. Ni maji tu ndiyo yanayopatana na hesabu zote mbili. Kati ya njugu na njugu kuna hewa, na hewa haina lishe. Mwenzangu mmoja akauliza, je, zikishatwangwa? Akasema hizo ndizo mbaya zaidi kupima kwa jagi, ukizimwaga tu zinapanda, ukizishindilia zinashuka, kila mkono utapata jibu lake. Kwa hiyo pima uzito zikiwa nzima, kabla ya kinu. Wote waliandika. Mimi nilikuwa nahesabu kwenye kiganja. Gramu mia moja na tisini kila upishi. Mara thelathini. Kilo tano na gramu mia saba.

Hakuna hata punje moja iliyopotea, Mama. Zote zilikuwa ndani ya gunia pale pale ulipoziacha kwa agizo langu.

Nilitoka nje, daftari nikaliacha mezani.

Kuanzia hapo sikulala vizuri. Wiki tatu nilijiambia nitaandika barua, nitapiga simu, nitangoja likizo. Likizo ikaja. Juzi nikafika, jana nikaenda Chake kwa Mzee Shaame, yule wa duka la nafaka uliyekuwa ukinunua iliki kwake, kuazima mizani ili akina mama waone kwa macho yao. Nilikwenda na jagi. Mzee alipoliona akaliweka chini taratibu. Akaniambia, "Mamako alikuja na jagi hili hili."

Nilidhani sikusikia vizuri.

Akasema ulikwenda wiki ile ile ya maneno, Jumatano, siku moja kabla ya kikao. Ulitoa njugu ndani ya mkoba, ukazimimina mpaka mia tano, ukamwambia apime. Akapima. Ukamwambia apime tena. Mara tatu. Halafu ukakaa juu ya gunia lake la mchele, ukaomba maji. Akakwambia, "Bi Time, si basi, nenda ukawaambie." Na weye ukamjibu, nayaandika kama alivyoniambia, "Karatasi za mwanangu za chuo zipo kwa sheha, na Bi Kazija hajatia saini ya kumdhamini. Akishaondoka ntasema."

Kwa hiyo ulijua. Uliposema umepima mwenyewe, ulijua. Nilipokuuliza kama umechukua, ulikuwa umeshajua siku nzima, na ukaniuliza naonaje. Na mimi nikanyamaza.

Mama, nimelia sana jana, lakini nikwambie kweli, nilikasirika pia. Nani alikuomba? Ningekosa chuo mwaka mmoja, ningeomba mwaka wa pili. Ningekwenda kwa Mkasi siku ile ile, angenipiga, tungemaliza. Ulinifungia mzigo kwenye nguo zangu nikasafiri nao bila kujua, na weye ukabaki hapa peke yako na watu wasiokuitikia salamu. Nilipokuwa nikipiga simu uliniambia, "Siye hatujambo, soma tu." Kila Ijumaa. Hatujambo, soma tu. Na nilishaondoka. Kwa nini hukusema nilipoondoka? Uliona hakuna atakayekuamini? Au ulizoea? Sitapata jibu na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Adhana hiyo. Naziacha kalamu na hasira hapa. Niombee.

*

Ni Ijumaa asubuhi sasa. Jana sikuweza kuandika tena.

Walikuja kumi na wanne. Niliwatandikia mkeka mkubwa uani na mikeka miwili midogo. Bi Kazija alikaa karibu na mlango. Mkasi alikuja wa mwisho, Nasra mgongoni, akakaa pembeni kabisa bila kuvua viatu, mguu mmoja nje ya mkeka. Nilikuwa nimeiweka mizani ya Mzee Shaame katikati, na jagi, na njugu kilo mbili kwenye bakuli. Mkasi alipoziona njugu uso wake ukabadilika. Akasema, "Nini tena hiki?"

Nilikuwa nimepanga maneno. Yote yakaruka. Nikasema tu, "Mama yangu hakuiba. Kipimo nilimpa mimi, na nilikosea."

Kuku walikuwa wanaparura nyuma ya jiko.

Nikamimina maji kwenye jagi, nikapima. Nikayamwaga. Nikajaza njugu, nikapima, nikawasomea. Bi Kazija akasema, "Rudia." Nikarudia. Mama mmoja akaja akachutama asome mwenyewe, akawaambia wenziwe, "Kweli, mia tatu na kumi." Nikawaeleza zile mia na tisini, nikawaeleza mara thelathini, na wanaojua hesabu wakaona njugu zimebaki zenyewe guniani bila mwizi. Kisha nikawaambia la Mzee Shaame. Niliwaambia ulijua, ukanyamaza kwa ajili ya karatasi zangu. Niliwaambia pia kwamba mimi nilikuuliza kama umechukua. Hilo sikulazimika kulisema, hakuna aliyelijua. Lakini nisingelisema ningekuwa nimesema nusu.

Nikawakumbusha hospitali walimkuta Nasra na minyoo, nikasema huenda hata kama njugu zingetimia angeshuka, lakini sitaki kujificha nyuma ya minyoo. Watoto kumi na mmoja walikunywa uji pungufu wiki kumi na tano kwa sababu sikutaka kuinuka kizingitini.

Bi Kazija hakulia. Alisema, "Daftari la katibu liko wapi?" Nikalileta. Akanifungulia mwenyewe ukurasa ule. Nikachukua kalamu nikate ule mstari, akanishika mkono. "Usikate. Andika chini yake." Nikaandika chini yake, huku akinitajia neno kwa neno: Bi Time hakuchukua kitu. Kipimo kilikosewa na katibu. Kikundi kilimhukumu bila kupima. Lile la mwisho alilitaja polepole zaidi, na wengine wakainamisha vichwa.

Kisha Mkasi akainuka. Nilijua ananijia mimi. Alimfungua Nasra mgongoni, akamkalisha kwenye mapaja ya Bi Kazija. Ameshanenepa, Mama, mashavu yamerudi, anatembea, anavuta kila kitu. Mkasi akachutama mbele ya mizani. Hakunitazama. Akaweka bakuli tupu juu yake, akaniuliza jinsi ya kurudisha tarakimu kwenye sifuri, nikamwonyesha kitufe. Akawa anatia njugu kwa mkono, kidogo kidogo, mpaka mizani ikasoma mia tano. Akaangusha punje moja zaidi, akaitoa. Akazimimina zote kwenye jagi. Zilipita mia tano, zikapita mia sita, zikapita mia saba, zikasimama kwenye mia nane.

Akakaa anazitazama. Aliweka kidole kimoja kwenye mia tano na kingine kwenye mia nane, na kile kilichokuwa kati ya vidole vyake ndicho alichokosa mwanawe kila siku ya upishi. Nilikiona, na kila mtu alikiona.

Akasema, "Nilimtukana mbele ya watu."

Bi Kazija akamvuta Nasra karibu, asilishike jagi.

"Nilisikia amekufa, nikasema siendi. Nilimwambia Faki, enda weye, miye siendi kumzika mwizi wa mwanangu." Alisema hivyo akiwa bado anatazama jagi. "Sasa nani nimtake radhi? Weye Raya unaye wa kumwomba, nipo hapa. Miye nimwombe nani?"

Nikamwambia, "Nisamehe, dada Mkasi."

Akaniangalia kwa mara ya kwanza. Macho makavu kabisa. "Leo sikusamehe. Na usiniombe tena. Likija litakuja, ntakufuata mwenyewe." Kisha akamchukua Nasra, akavaa kanga vizuri, akaondoka. Alipofika mlangoni akasimama, akasema bila kugeuka, "Mamako alikuwa akimpulizia mtoto uji mpaka upoe. Nilikuwa nikimwona."

Akaenda zake.

Wengine walibaki mpaka karibu na Magharibi. Mmoja alisema wakipika tena wataazima mizani kila Jumatatu hata kama ni kuifuata Chake kwa miguu. Mwingine akasema heri wachore mstari wa njugu kwenye jagi pale kwenye mia nane na kuandika njugu, maana mizani yaweza kukosekana. Wakabishana kidogo, je kama ni korosho? Nikasema korosho nazo zina mstari wake, lazima zipimwe peke yake, na ufuta peke yake, hakuna mstari wa vyote. Bi Kazija akasema basi tutapima kimoja kimoja. Kwa mara ya kwanza mtu aliniuliza kipimo nami sikumpa jibu kabla ya kupima.

Sheha atajua leo, ni lazima. Huenda chuo nacho kikajua, maana Bi Kazija ameniambia wazi kwamba saini yake aliiweka kwa kuniona mwangalifu. Sijui atafanya nini. Sikumwuliza. Nimemwambia akiiondoa ni haki yake.

Lakini kuna mmoja ambaye hakuwepo jana. Kaka Hamad siku hizi anafanya kazi ya kupakua mizigo bandarini Wesha na analala huko huko, anarudi kila Ijumaa kabla ya sala. Hajui kitu. Kwa muda wote huu amekuwa akiamini kwamba Mkasi na Faki wamekuzulia uongo kwa chuki. Ameacha shamba, ameacha rafiki, amemvua mtu jeneza begani. Leo lazima ajue kwamba Mkasi hakuzua, kwamba njugu kweli zilibaki guniani, na kwamba aliyezibakisha alikaa naye nyumba moja akamwacha agombane. Bi Kazija alitaka yeye ndiye amwambie, akasema ana umri, Hamad atamstahi. Nikakataa. Nilishamwacha mtu mmoja anisemee, na mtu huyo ni weye.

Nimekupikia chai kwa mazoea, nikajikuta nimeweka vikombe vitatu. Nimekunywa kimoja. Hiki kingine ni cha Hamad.

Nakuahidi jambo moja tu, kwa sababu mengi sitayaweza. Kosa langu nitalisema siku nitakayolijua, kwa mdomo wangu, hata kama kuna mtu ananipenda kiasi cha kutaka kulibeba. Na kwa Mkasi nitangoja kama alivyosema. Hata akikaa miaka kumi, nitangoja, sitampelekea watu wa kumbembeleza.

Allah akupe nuru na nafasi huko uliko, akulipe kwa kila uliyempulizia uji ukapoa. Umepumzika sasa na maneno ya watu, nataka uamini hivyo. Ninakupenda na nimekukasirikia, na vyote viwili nakuja navyo kwenye dua.

Baiskeli ya Hamad imeingia uani. Anaiegemeza ukutani. Anauliza kwa nini mikeka yote imetandikwa.

Lala, Mama. Natoka kumjibu.

Mwanao,
Raya